Maneno Mawili Mawili kwa Ukuta Mmoja

Mwaka ule nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha maji huko Kathiani. Tulikuwa tukijenga ukuta wa mawe kukatiza mto wa msimu, ili mchanga ujae nyuma yake na maji yabaki ndani ya mchanga mpaka kiangazi. Tulijenga kwa mwethya: majirani wote hutoka asubuhi, kila mtu na sururu au karai lake, na asiyefika huwapikia wenzake. Hakuna anayeandika nani alikuja. Aliyekosa anajulikana.

Mvua ilikuwa karibu na ukuta ulikuwa bado na pengo katikati. Shirika moja lilikuwa limetuahidi simiti. Badala ya simiti lilituletea ofisa.

Sina ugomvi na Kiingereza. Huchukua maneno mawili, huyafunga pamoja na kupata la tatu, na mara nyingi kazi hiyo ni safi. "Wheelbarrow" ni gurudumu na kibebeo, na kweli hubeba mawe. Ofisa huyu alikuwa na yale yaliyofungwa bila kitu ndani. Alituita hotelini mjini Machakos kwa semina ya siku mbili, siku ambazo tungekuwa mtoni, akatuandikia ubaoni: "stakeholder", "framework", "roadmap". Kila neno alilikata katikati, akaeleza nusu ya kwanza, akaeleza nusu ya pili, kisha akaliunganisha tena akitabasamu kama mtu aliyejaliwa mtoto. Wanawake waliochimba matuta ya mlima mzima kwa mikono yao walinakili kwa adabu. Nami nilinakili. Bado naona haya.

Mwenyekiti wetu, mama wa wajukuu sita, aliinua mkono.

"Kijana wangu, hii simiti inakuja lini?"

"Iko kwa workplan, mama."

"Na hiyo workplan iko wapi?"

Akaeleza kwamba mpango huo wa kazi ungekamilika tukileta "timesheet", yaani karatasi ya saa alizofanya kazi kila mmoja. Mwenyekiti akamwambia mwethya hauna karatasi. Ofisa akamtazama kwa huruma, akasema kwamba basi, kwa upande wa ofisi, kazi hiyo haijafanyika. Jirani yangu, ambaye jiwe lilikuwa limemponda kidole wiki iliyotangulia, akaninong'oneza nimuulize kama kidole nacho hakijafanyika.

Tuliporudi tuliziba pengo kwa magunia ya mchanga. Mvua ilinyesha wiki ileile. Magunia yalikwenda, na theluthi ya ukuta ikayafuata.

Ofisa alikuja siku chache baadaye, viatu vinang'aa, akapiga picha. "Hii tunaita washout," akasema, akaiandika. Alionekana ameridhika, tatizo lilikuwa limepata jina.

Kisha akaomba kuona kitabu changu cha kumbukumbu. Nilikuwa nimeandika: "Ukuta umebebwa na maji kwa sababu simiti haikuletwa." Akasema nifute mstari huo, la sivyo wakubwa wake wangesimamisha ombi letu la simiti. Nilimpa mwenyekiti kitabu, maana simiti ile ndiyo tumaini pekee lililokuwa limebaki kwa ukuta, na uamuzi ulikuwa wake.

Alisoma polepole. Akachukua kalamu yangu, akatia sahihi chini ya mstari ule, herufi moja moja. Halafu akamwomba ofisa asogee kidogo, kwa sababu alikuwa amesimama juu ya mawe yetu.