Nyongeza ya Bi Mwatumu

Siku Gustave alipoingia kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa kuoshea magari wa Bi Mwatumu, pale Jules Street, Malvern, aliambiwa apange foleni. Akaeleza kwamba hakuja kuosha gari. Bi Mwatumu akamtazama viatu, akamtazama mkoba.

"Basi unachouza kitasubiri. Kaa unywe chai. Na chai yenyewe si ya bure."

Gustave alilipa huku akicheka. Naye alianzia chini, akiuza chaja za simu barabarani Newtown, hadi akafungua kampuni yake Randburg ya kufunga sola na mashine za kuchajia magari ya umeme. Mtu anayekuuzia chai kabla hujamuuzia kitu si wa kumchezea.

Mama huyo wa Tanga alianza na ndoo na mpira wa maji wa kuazima. Sasa ana vibanda vinne vya kuoshea, jiko la wali na mahamri, na mlinzi wake wa usiku. Mkopo hana, wala hautaki.

Gustave alikuja na haraka aliyoificha. Kampuni moja ya kusambaza vifurushi, yenye magari ya umeme, ilimwahidi kazi ya kuyachaji iwapo angepata kituo upande wa mashariki kabla ya mwezi kwisha. Akikosa, kazi inakwenda kwa mwingine. Hesabu yake ilikuwa kumuuzia mama mashine, kisha kumletea wateja na kula pande zote mbili.

"Mama, sikufichi, iko ghali," alianza. "Mashine, paneli za kwenye paa, kuvuta umeme wa fezi tatu. Lakini serikali inasaidia. Gharama ya paneli unaitoa yote kwenye hesabu ya kodi mwaka wa kwanza, ya mashine unaitoa kidogo kidogo. Na VAT unarudishiwa."

"Mimi nalipa kodi ya mauzo, ile ya biashara ndogo. Asilimia yao wanachukua, gharama zangu hawaziulizi. VAT sijaandikishwa. Sasa hilo punguzo linanipunguzia nini, mwanangu? Unanivisha koti la mtu mwingine."

"Eish," alisema Gustave. Wateja wake wa Randburg wote walikuwa na faida ya kukatwa kodi, na maneno yake aliyazoea kama sala. Huyu hakumuuliza kwanza.

"Haya, nyongeza yangu ipi?" aliuliza Bi Mwatumu.

"Mama, nyongeza, mbasela, inakuja mwisho. Kwetu Lubumbashi tunapatana bei, halafu muuzaji anaongeza."

"Mwisho hela yangu iko mfukoni mwako, utaniongezea shukurani. Anza na nyongeza. Nikiipenda, bei tutaizungumza."

Gustave alikuwa nayo: chaja ndogo ya ukutani, ile ya polepole, aliyoiweka akiba ya kufungia mapatano. Alijaribu kuikalia. Mahamri yakaja ya moto, naye akaitaja.

"Hiyo nimechukua," alisema Bi Mwatumu. "Ile kubwa siinunui."

Gustave aliagiza mahamri mengine ili apate kufikiri. Koti lisilomfaa mama lilimkaa yeye barabara. Kampuni yake ilikuwa na faida, na ilikuwa imeandikishwa VAT. Vifaa vikiwa vyake, punguzo lote ni lake. Alichokosa ni uwanja na mlinzi, maana kebo ya shaba ikilala peke yake Jules Street haiioni asubuhi.

"Nikodishie vibanda viwili na paa," alisema. "Mashine ibaki yangu."

"Mtu akikataliwa huondoka. Wewe umeagiza mahamri. Nani anakukimbiza?"

Gustave akamweleza habari ya vifurushi, maana kuendelea kuficha kungemgharimu zaidi.

"Hao madereva watasubiri muda gani gari lichajiwe?"

"Kama saa moja."

"Saa nzima," alirudia taratibu, kama anayeonja chumvi ya pilau. "Na njaa zao."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Bi Mwatumu alitaka fungu katika kila yuniti itakayouzwa. Gustave akakubali, ila baada ya kulipa umeme, na mlinzi awe juu ya mama. Wakapeana mikono.

Magari yalianza kuchaji kabla mwezi haujaisha. Gustave alikosa faida ya kuuza mashine, na chaja ndogo ikamtoka. Akapata kazi na punguzo lake. Bi Mwatumu alipoteza vibanda viwili vya kuoshea, akapata fungu bila kutoa mtaji, na saa ya mchana wali unaisha sufuriani. Ile chaja ndogo inachaji magari ya majirani, na pesa yake mama hagawani na mtu.

Juzi Gustave alikuja kukagua mashine, akaomba mahamri, akanyoosha mkono apewe la mbasela.

"Lipa kwanza," alisema Bi Mwatumu. "Hapa kwangu nyongeza huja mwisho."

Akalipa. Akaongezewa mawili.