Machozi ya Mama ku Sinema

Bajukuu bananichokesha: «Nkambo, utuambie sinema ya zamani.» Munakosa nini? Kila mumoja iko na telefone yake, analala na filme chini ya shuka. Bantu banakufa mule mpaka asubuhi, hakuna hata anayekohoa. Sikutaka kueleza. Lakini nikinyamaza, mutabaki na habari ya baba mukubwa wangu, kaka ya baba, na yule alikuwa mwongo.

Nilipokuwa mutoto, ku kambi yetu ya bafanyakazi ba mugodi, sinema ilikuwa ukuta. Jumamosi jua likishazama, mashine inatupa mwanga ku ukuta mweupe wa kantini, na kambi nzima inakaa chini na karanga zake.

Nkambo yangu, mama ya baba, alikuwa ametuonya: usimulilie mufu asiye wa ukoo wako. Ukimulilia, umemwita, atakufuata nyumbani achukue muntu. Hakuna aliyebisha.

Basi siku moja, mule mu filme, mupanda farasi akapigwa risasi, akafia ku mikono ya mama yake. Mama yangu akalia. Si machozi ya kupangusa na kitenge, hapana. Alilia kwa sauti, mikono ku kichwa, kama ku kilio.

Juma lile, mutoto wa baba mukubwa akashikwa na homa. Baba mukubwa akasimama katikati ya lupango, uwanja wa nyumba yetu:

«Mulozi! Umetuletea mufu wa bazungu! Rudi kwenu Kasomeno. Batoto banabaki, ni ba kwetu.»

Batoto ndio sisi. Baba yangu akaangalia viatu vyake. Dawa ya dispansere ikamuponya mugonjwa, lakini baba mukubwa hakunyamaza: «Atachukua mwingine.» Mama akafunga vitu vyake. Kamyo, gari ya kumurudisha kwao, ilikuwa ya Jumapili.

Jumamosi nikaenda kukaa mbele kabisa. Filme ingine, na nani anatokea? Yule mufu! Amenyoa ndevu, anakula, anacheka. Nikasimama mu mwanga, kivuli changu kikafunika farasi muzima.

«Baba mukubwa! Mufu wako huyu! Umuulize alimuchukua nani!»

«Kaa chini, kichwa kigumu!»

«Sikai! Umuulize kwanza!»

Kambi ikacheka mpaka mashine ikasimamishwa. Nilipokua ndipo nikaelewa: bengi balijua tangu mwanzo kwamba yule anacheza tu. Lakini baba mukubwa alikuwa kapita, musimamizi wao ku kazi, nao balimwogopa yeye kuliko mufu. Ndiyo sababu mukiniambia zamani bantu balikuwa bajinga, ninakasirika. Balikuwa baoga. Si kitu kimoja.

Nkambo ndiye alikata maneno: «Asiyekufa hana kilio. Umemutukana muke wa ndugu yako bure. Utalipa.»

Kuku mweupe, kama desturi. Tena, aliyekuita mulozi lazima ale chakula cha mikono yako mbele ya bantu. Jumapili kamyo ikaenda bila mama; akabaki, akapika kuku ile na bukari, ugali wetu. Baba mukubwa akakata tonge, akaliangalia, jasho likimutoka. Akameza.

Mama akamwongezea.