Siku Niliyofungwa Kitambaa Machoni Mbele ya Wateja Wangu

Haya ninayowaambia sikupenda yatoke nje ya mji wetu wa Baraka, lakini juzi mtu wa Nundu ameniuliza habari hizi akiwa juu ya pikipiki, hata hakusimama, basi heri myasikie kwangu mwenye aibu.

Mimi nauza bikwembe, vitenge vya kushona nguo, sokoni. Jina langu lote (na ugali wangu wote) ni kwamba Mama Neema akishika kitambaa, anajua kama ni pamba tupu au ni nailoni inayojifanya pamba. Neema wangu, miaka minne, nilimwandikisha kwenye shule ya watoto wadogo inayofundisha kwa njia ya Montessori, na siku wazazi tulipoalikwa kuangalia nikakuta mtoto mmoja anamimina maji, mwingine anafunga vifungo, na Neema amefungwa kitambaa machoni, anapapasa vipande vya nguo kwenye kikapu, atafute kila kimoja na mwenzake. Mwalimu Jolie akatueleza kwamba mkono wa mtoto ndio unaofundisha kichwa chake, hapa hakimbizwi wala hachekwi, akikosea kazi yenyewe inamwonyesha. Bamama, wazazi wenzangu, wakakubali kwa vichwa. Ningenyamaza, leo nisingekuwa na la kusimulia. Nikasema kwa sauti kwamba hayo siyo masomo, hayo ni soko, mimi nayafanya kila siku na hakuna aliyenipa alama.

Wakacheka. Nikawahesabu waliocheka, nikarudia: tisa, wote wateja wangu. Nikajiambia hili ni tangazo la bure. Nikaomba nifungwe na mimi.

Vipande vya kwanza nilivipatanisha haraka kuliko kupanga nyanya. Kisha nikainua viwili juu, nikatangaza kwamba hivi ni ndugu, pamba tupu, baba mmoja mama mmoja.

Mkono mdogo ukanigusa kiwiko.

"Mama, hii na hii haiko ndugu. Gusa tena, polepole."

Nikabisha. (Ndiyo, nilibishana na mtoto wa miaka minne, nimefungwa macho.) Nikamwita mwalimu amrekebishe.

"Hapa hatumuambiaka mutoto, Mama Neema. Kitambaa kitamuambia."

Kitambaa kilimwambia mama yake. Nilipogusa polepole, kimoja kilikunywa jasho la vidole vyangu, kingine kikateleza kama kinanikimbia, na mdomo wangu ukajibu kabla sijaupa ruhusa: "Eeh, hii ni nailoni."

Nikafungua macho. Ile nailoni mkononi mwangu ilikuwa kipande cha bluu chenye ndege, masalio ya fundi yaliyoletwa shuleni, kikwembe kilekile nilichowauzia bamama wote wa kwaya kwa bei ya pamba. Mama Riziki, kiongozi wao, alikuwa amekaa mbele yangu.

"Si ni ile yetu ya Pasaka?" aliuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniua.

Mungu anajua sikuwadanganya. Balo lile, furushi zima la vitambaa, nililinunua Uvira, gari inapiga honi, nikaligusa kama mtu anayesalimia watu wengi msibani. Lakini ningemwambia nani? Mwenye kujua kila kitambaa hawezi kusema hakujua.

Jumapili walisimama mbele ya kanisa na nguo zile, jasho linawatiririka, wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo, na kila ubeti ukiisha mmoja ananitafuta kwa macho. Nimewaahidi kikwembe kingine, cha pamba, na kwa mara ya kwanza tangu niingie sokoni sikubishania bei. Neema anaendelea na shule yake. Mimi nimeapa: balo jipya likifika nafumba macho, na kabla ya macho, mdomo.