Chapati ya Kwanza ya Mama Yash

Mimi nashona nguo kwenye baraza la duka la Mama Yash, hapa Singida mjini, na kama kuna jambo linalonishinda ni kukaa bila kujua. Mtu akipita na mfuko mzito nataka kujua amebeba nini. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoona mkia wa ng'ombe ukipotelea kwenye mlango wa uani, niliacha suruali ya watu chini ya sindano nikaufuata.

Ng'ombe alikuwa jikoni. Si uani, jikoni kabisa, amesimama kati ya jiko la gesi na meza, kichwa kwenye beseni la unga, na pembe moja imevaa kitambaa cha kufutia vyombo. Mama Yash alikuwa amejibana kwenye friji, mkono kifuani. Nikadhani anaogopa. Nilipomwangalia vizuri nikaona anacheka huku machozi yanamtoka.

"Usimguse, Flora," aliniambia. "Amekuja mwenyewe."

Kicheko kile huwezi kukielewa bila kumjua mwenyewe. Jina lake ni Gita, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa, mjane, anauza vitenge na mashuka kwenye duka aliloachiwa na mumewe. Mwanawe Yash yuko Dar es Salaam. Mama Yash alipoolewa, mama mkwe wake alimpa sheria moja ya jikoni: chapati ya kwanza ya siku ni ya ng'ombe. Ng'ombe akishakula ndipo binadamu ale. Mama mkwe alishafariki, mume naye, lakini Mama Yash hajawahi kuivunja sheria hiyo. Kila asubuhi anapaka chapati samli, anaweka kipande cha sukari guru katikati, anaikunja, anasimama nayo barazani.

Kwa miaka mingi haikuwa kazi. Mzee Mughwai, mfugaji Mnyaturu anayekaa pembeni ya mji, alikuwa akipitisha ng'ombe wake barabara yetu kila asubuhi kuelekea malishoni upande wa ziwa. Ng'ombe jike mmoja, mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, hakusubiri kuitwa. Alikuwa anatoka kwenye kundi, anakula chapati, anamlamba Mama Yash kiganja, anaondoka. Mama Yash akampa jina la Lakshmi, mungu wa kike wa neema kwao. Mzee Mughwai, ambaye ng'ombe wake anawaita kwa rangi zao tu, alikuwa anatikisa kichwa.

"Mama, huyu unamharibu," alikuwa akisema. "Nyumbani siku hizi anadharau pumba."

Halafu wakaja watu wa kuchimba mitaro. Barabara yetu ikageuka mashimo na vifusi, ng'ombe wakahamishiwa njia ya nyuma, na Mama Yash akabaki na chapati mkononi. Hapo ndipo nilipojua kwamba yule mama hatanii. Aliifunga chapati kwenye kitambaa akatoka kutafuta ng'ombe, ng'ombe yeyote, mtaa hadi mtaa, na asipompata alishinda na njaa mpaka mchana. Na ana sukari! Daktari alishamwambia asikae na tumbo tupu. Yash alipiga simu akamwambia, "Mama, mpe hata kuku," akakatiwa simu.

Mimi nilimgombeza. Nilikasirika kweli, maana siku moja alirudi mikono inamtetemeka hata kufungua kufuli hawezi.

"Mungu wako hawezi kukasirika ukinywa chai, Mama Yash."

"Hakasiriki," alinijibu. "Ni mimi. Nitamezaje wakati najua wa kwanza hajala?"

Basi, Lakshmi yule yule alipoingia jikoni mwenyewe, yule mama alicheka mpaka akalia. Na mimi nilifurahi, ingawa beseni zima la unga lilikwenda.

Baada ya hapo Lakshmi alikuja kila siku. Alilitoroka kundi kule nyuma, akavuka mtaro kwenye mbao za waenda kwa miguu, akasukuma geti kwa paji la uso. Wateja walimpisha. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Vijana wa mitaro walisema ni harufu ya samli. Mama Yash aliamini mama mkwe wake ndiye anayemtuma. Mimi nilisema ni uroho tu, lakini moyoni sikuridhika, maana kwa jirani yetu wanakaanga maandazi asubuhi yote, mlango wazi, na hata siku moja hakugeuza shingo.

Asubuhi moja alikula, akamlamba Mama Yash kiganja, kisha badala ya kuondoka akakunja magoti akalala pale pale kwenye sakafu ya jikoni. Mzee Mughwai alikuja anamtafuta, fimbo mkononi. Alipofika mlangoni akamwona amelala, akasimama. Aliiegemeza fimbo ukutani, nje, taratibu.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia.

"Marahaba. Hii sasa ni shida," alisema.

Akatueleza. Mwanawe Gasto alikuwa ameposa binti kule Nduguti, mbali na hapa mjini. Wakwe walishakuja kuangalia ng'ombe wa mahari, na mama wa binti, Dorika, alinyoosha kidole kwa huyu mwekundu kabla ya wote. Lori lilikuwa linakuja Jumamosi. Lakini katika ukoo wa Mzee Mughwai, ng'ombe akiingia mwenyewe nyumbani kwa mtu na kulala ndani, hatolewi kwa fimbo wala kwa kamba. Mwenye nyumba ndiye amtoe, kwa hiari yake, ameshika jani bichi. Akitolewa kwa nguvu na kupelekwa kwenye mahari, binti ataingia kwenye ndoa kwa nguvu vilevile.

"Kwa hiyo, mama, nakuomba umtoe," alimalizia.

Mama Yash alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono juu ya shingo ya ng'ombe. Uso wake ulikuwa umebadilika tangu aliposikia neno Nduguti.

"Mzee, kwetu ng'ombe aliyekuja mlangoni hafukuzwi," alisema. "Siwezi."

Sasa niambie, hapo unafanya nini? Mmoja hawezi kumtoa mpaka mwingine amtoe, na mwingine hawezi kumfukuza. Lakshmi akahamia uani akawa mwenye nyumba. Mzee Mughwai alimletea majani makavu kila jioni, akamsalimia Mama Yash kwa heshima zote, akaenda zake. Mimi niliruka mavi ya ng'ombe kwenda kuchota maji ya pasi. Simu kutoka Nduguti zikaanza, na Gasto alipita barazani kwangu amenyong'onyea kama aliyefiwa.

Ijumaa nikashindwa kuvumilia. "Mama Yash, yule kijana ataikosa ndoa yake. Niambie ukweli, ni mila au ni wewe hutaki?"

Alikunja na kukunjua kitenge ambacho hakikuhitaji kukunjwa.

"Vyote viwili," alisema hatimaye. "Akienda huyu, Flora, nani atakuja tena? Mitaro ikiisha yatapita magari. Nitaanza tena kuzunguka na chapati yangu kama mwendawazimu."

Nilimshika mkono tu.

Jumamosi lori lilisimama ng'ambo ya mtaro, ng'ombe wengine tayari wamepanda. Mama Yash alitoka jikoni na chapati ya moto. Akampita Lakshmi bila kumpa. Ilikuwa kiangazi, hakuna jani bichi mtaa mzima isipokuwa kwenye chungu chake cha tulsi, mmea ule unaofanana na kivumbasi chetu, anaoumwagilia na kuuombea kila asubuhi na ambao mimi sijawahi kuruhusiwa kuugusa. Aliinama, akanong'ona kitu kwa Kigujarati, akachuma kitawi kimoja chenye majani.

"Simfukuzi," alimwambia Mzee Mughwai. "Namsindikiza."

Akatangulia, tulsi mkono huu, chapati mkono ule. Ng'ombe akainuka akamfuata. Wakatoka getini, wakavuka mbao, wakafika kwenye lori, na Mama Yash, na sari yake, akapanda ule ubao wa kupandishia mifugo. Lakshmi akapanda nyuma yake bila kuguswa na mtu. Huko juu akampa chapati, akalambwa kiganja, kisha akashuka ameshikwa na Gasto. Mzee Mughwai alivua kofia. Lori lilipoondoka Mama Yash alirudi ndani akafunga duka, na siku hiyo hakufungua tena.

Kesho yake nilikuja mapema ingawa Jumapili sishoni. Nilitaka kujua kama atakula. Nilimkuta jikoni amekaa. Chapati ilikuwa mezani imepoa, samli imeganda juu yake, na chai imefanya utando. Hakuwa hata amejaribu kutoka kutafuta ng'ombe.

"Kula, mama yangu."

"Nitakula."

Hakula. Nilikuwa nafikiria kumpigia Yash, simu yake ikaita. Aliweka sauti kubwa, kama kawaida yake.

"Mama, ni Mughwai, bado niko Nduguti. Hapa kuna jambo. Ngoja uongee na mwenye nyumba."

Ikaja sauti ya mwanamke. "Habari za asubuhi, mwenzangu. Mimi Dorika. Huyu ng'ombe wenu ametoka zizini ameingia jikoni kwangu. Amesimama ananitazama. Majani hataki, maji hataki. Anataka nini?"

Mama Yash aliinuka akashika meza.

"Umeshakula?" aliuliza.

"Bado, ndiyo kwanza nabandika uji."

"Usile kwanza. Una unga gani?"

"Wa uwele."

"Unafaa. Ukande kidogo, uchome kama chapati. Ikiiva, ya kwanza mpe yeye."

Tulisubiri. Tulisikia maji yakimiminwa, kuni zikivunjwa, kuku wa watu wakilalamika. Mzee Mughwai alikohoa. Mama Yash hakuiondoa simu mdomoni. Mwishowe Dorika akaanza kucheka, kicheko kile kile nilichokisikia jikoni humu siku ya beseni la unga.

"Anakula! Ee, ananilamba mkono! Mwenzangu, upo? Na kesho nimpe tena?"

Mama Yash hakujibu. Mdomo wake ulikuwa umejaa chapati.