Nilivyowapeleka Wanafunzi Msibani

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Bariadi. Juzi niliwapeleka wanafunzi kwenye shamba linaloonyesha maisha ya Wasukuma wa zamani. Tulipoona kaya yenye nyumba za nyasi, kwa ujuaji wangu nikaingia bila kuuliza.

Bibi mmoja alikuwa ameketi chini akilia, akina mama wamemzunguka.

“Mwangaluka, mayu,” nikamsalimia kwa Kisukuma.

Nikawaambia wanafunzi, “Hapa wanaigiza msiba wa kale. Tazameni machozi, utadhani ya kweli.” Nikawapanga nyuma yake tupige picha, nikamwomba ainue uso kidogo.

Mzee mmoja akanishika mkono taratibu.

“Mwalimu, shamba la maonyesho liko kule mbele. Hapa ni kwetu. Huyu mama tumemzika mwanawe jana.”

Bibi alikuwa ameshainua uso, ananitazama.