Kadi ya Nne ya Springi

Chumba cha kamusi kilikuwa na droo mia mbili, na mwanamke waliyemwita Mama Kadi alizijua kama mtu anavyoyajua meno yake. Kwa miaka thelathini aliandika maana za maneno ya Kiingereza, kila maana na kadi yake, na chini ya kila kadi sentensi iliyotoka kinywani mwa mtu. Kabla hajastaafu lilibaki neno moja: spring.

Neno lenye ukoo mkubwa. Mzizi wake wa kale ni kuruka, kuchomoza kwa ghafla. Humo ukazaliwa mruko wenyewe, kisha maji yanayobubujika ardhini, kisha majira ya miti kuchipua, kisha ule waya uliojiviringisha ndani ya godoro. Tumbo moja, watoto wanne.

Mhariri, aliyempita cheo lakini si umri, aliirudisha kadi ya nne, ile ya waya.

"Mama, 'Springi haifi, hunyamaza.' Kasema nani?"

"Fundi magodoro."

"Fundi huyo si ndiye marehemu mzee wako?"

"Ndiye baba yangu," akakiri.

"Basi kanuni uliitunga mwenyewe: maneno ya ndugu hayaingii mpaka yapate shahidi. Mkuki kwa nguruwe, mama!"

Akaipokea kadi yake. Sauti ya baba haikubaki mahali pengine popote ila kwenye kadi ile.

Asubuhi iliyofuata alikwenda mtaa wa mafundi. Alimkuta mmoja amepasua godoro, anabonyeza springi moja moja kwa kidole gumba, sikio limeinama.

"Karibu, dada. Umeleta godoro?"

"Nimeleta masikio tu."

"Hayo sitengenezi mimi!"

Akaketi. Ulimi ulimwasha amtilie fundi maneno mdomoni, akaung'ata. Fundi alibonyeza, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Vipi hizo?" Mama Kadi akauliza.

"Hizi mbili zimenyamaza. Wenzao bado wanaongea."

Akamwomba arudie polepole.

Sentensi haikuwa ya baba, ila kunyamaza kule kulikuwa kwake. Ofisini aliiandika kwenye kadi mpya, neno kwa neno, na mhariri akaipitisha bila utani. Ile ya zamani, yenye kingo zilizolainika, aliiweka nyuma ya ile mpya, akaisukuma droo taratibu mpaka ikafunga.