Mtumiaji Namba Tisa

Wiki nzima nilikaa katika chumba cha kupanga kule Mahongole, Makambako, ukuta mzima nimeubandika vikaratasi vya njano, na sikuona kichwa wala miguu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Tulikuwa tunatengeneza programu ya simu ya kuitia gari la kumpeleka mama mjamzito hospitali. Unafungua, unagusa kitufe chekundu kilichoandikwa "Omba gari", unagusa "Ndiyo", basi. Kwa kuanzia gari lilikuwa moja tu, na lingekwenda ama Makambako ama Yakobi, kule Njombe. Mimi nilitakiwa kuijaribisha programu kwa watu wa sehemu zote mbili, kisha nimweleze bosi wangu aliyeko Dar es Salaam ni wapi wataiweza.

Yakobi ni kwetu. Mama yangu analima viazi huko mpaka leo, na wakati ule mke wa kaka yangu, anayeishi naye, alikuwa na mimba ya miezi saba. Kwa hiyo nilikataa kwenda mwenyewe. Wangenisifia tu ili nifurahi: mtoto wetu katengeneza, nzuri sana, Mungu akubariki. Nikamtuma mwenzangu wa kazini, mtu wa Tanga, mpole, aliyejifunza kusalimia "kamwene" mpaka wakampenda. Mimi nikabaki Makambako, sokoni, na wauza nguo na wauza vifaa vya simu. Watu wote tuliwaandika kwa namba, bila majina, kila mtu na kikaratasi chake.

Vikaratasi vya Makambako vilinyooka. Kagusa, kaelewa, kauliza gari linafika baada ya muda gani. Vya Yakobi sasa! Kagusa kitufe mara nne. Kagusa mara sita. Huyu kagusa picha ya gari, yule kacheka na kurudisha simu. Na hao hao, walipoulizwa kitufe ni cha nini, walijibu vizuri kabisa kwamba ni cha kuita gari. Sasa mtu anayejua kazi ya kitufe anakigusa mara sita kwa nini? Nilivipanga vikaratasi kwa umri, nikavipanga kwa kiwango cha shule, nikavibandua nikavipanga kwa aina ya simu, na kila mpango ulinipa hadithi yake. Nilikasirika. Sioni sababu ya kuficha, niliwakasirikia watu wa kwetu.

Aliyenimaliza kabisa alikuwa mtumiaji namba tisa, mwanamke, mkulima. Mwenzangu aliandika: "Amegusa mara kumi na moja. Amesema asante. Ameondoka." Chini yake mimi nikaongeza kwa kalamu nyekundu: "Haelewi kabisa." Ijumaa nikatuma taarifa yangu kwamba Makambako wako tayari, Yakobi bado.

Jumamosi nikaenda kumsalimia mama. Nilimkuta katoka shambani, kavaa sweta mbili, kakaa kwenye kigoda jikoni anaota moto. Nikampa shikamoo, tukaulizana habari, tukala viazi. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama:

"Yule mwenzako alikuja na ile simu yenu. Mstaarabu kweli. Niligusa, nikagusa, haikunisikia. Nikaona namchosha bure mtoto wa watu. Nikamwambia asante, nikaenda zangu."

"Uligusa mara ngapi, mama?"

"Nitajuaje? Nyingi."

Nikampa simu yangu. Akagusa kitufe sawasawa, katikati. Kimya. Akagusa tena. Kimya. Nikakishika kile kidole. Ngozi ilikuwa ngumu, kavu, imepasukapasuka kwa udongo na baridi ya Juni, na kioo hakikujua kwamba kimeguswa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Msidhani basi nilipata jibu. Aliyegusa picha ya gari, naye ni kidole? Na aliyecheka? Sikujua, na mpaka leo sijui. Nilichokuwa na uhakika nacho ni namba tisa peke yake.

Nikampigia bosi jioni ile ile. Akasema kikao cha kuamua ni Jumatatu saa nne asubuhi, nimwonyeshe mama kwa video ili wote waone. Nikamweleza mama kwamba atagusa simu mbele ya wakubwa kama alivyogusa siku ile, asibadilishe chochote. Akaitikia, "Sawa, mwanangu."

Jumatatu nikaegemeza simu ya video kwenye sufuria. Mama akatoka chumbani na kitenge chake cha kanisani. Hicho nilikitarajia. Akaikaribia ile simu nyingine, akagusa. Kitufe kikakubali mara moja. Akagusa "Ndiyo". Kioo kikaandika: Gari linakuja.

Kule Dar wakapiga makofi. Nikamshika mama mkono, laini, unateleza. Tangu juzi hakuwa amegusa jembe. Alikuwa ameiloweka mikono kwenye maji ya moto, akaipaka mafuta ya mgando, akalala ameivisha soksi.

"Nisikuaibishe mbele ya wakubwa wako," akaninong'oneza.

Nikajaribu kuwaeleza wale wa kikaoni. Nilieleza vibaya, maneno yanagongana mdomoni. Bosi alisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia, kisha akasema, "Si umesema wakipaka mafuta inakubali? Basi wapake mafuta." Nikamuuliza, mwanamke aliyeshikwa na uchungu katikati ya shamba la viazi atapaka mafuta saa ngapi. Mmoja wao akasema, kwa upole tu, kwamba video imeonyesha mama ameelewa baada ya kufundishwa, kwa hiyo Yakobi wanahitaji mafunzo, na gari lianzie Makambako wakati mafunzo yanaandaliwa. Wakakubaliana. Simu ikakatwa.

Mama alikuwa bado amesimama, mikono ameiinua kidogo ili mafuta yasiguse kitenge. Furaha yote ilikuwa usoni.

"Nimeweza, eeh?" akasema. "Sasa litafika kabla wifi yako hajajifungua?"

Nikamwambia, "Tutakujulisha, mama," maneno yale yale tunayomwambia kila mtumiaji tukishamaliza kumwandika.